Mlango na Daftari: Ushauri kwa Wakuu, Wafanyakazi na Wanachuo Juu ya Kutoka Salama Moto Uzukapo

Mtu ayasomaye kwa makini maelezo ya misiba ya moto iliyozishukia shule zetu za Afrika ya Mashariki katika muda wa miaka thelathini na ushei hakosi kuona kwamba mara nyingi kilichoamua nani aishi na nani afe kilikuwa ni mlango. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini huko Shauritanga, wilayani Rombo, mkoa wa Kilimanjaro. Mwaka 1998 wasichana 26 wa shule ya Bombolulu, katika pwani ya Kenya, walifariki ndani ya bweni ambalo milango yake ilikuwa imefungwa na madirisha yake yametiwa nondo. Na miaka mitatu baadaye wavulana 67 wa Kyanguli, wilaya ya Machakos, walipoteza maisha yao usiku katika bweni lenye milango miwili, mmojawapo ukiwa na kufuli. Moto wa Kyanguli uliwashwa kwa petroli na kwa makusudi, ilhali ule wa Idodi, mkoani Iringa, uliowachukua wasichana 12 mwaka 2009, ulielezwa kuwa ulitokana na mshumaa. Asili za moto ni mbalimbali, na hapana chuo kitakachoweza kuziziba zote. Lakini njia ya kutokea iko chini ya mamlaka ya mkuu wa chuo kila siku, tangu alfajiri hata usiku wa manane.

Huenda msomaji wa chuoni akasema kwamba hiyo ni misiba ya shule za sekondari, na kwamba wanachuo ni watu wazima wenye akili zao, wajuao kujiokoa. Natamani ingekuwa hivyo. Chuo kina mabweni ya ghorofa nne au tano yenye ngazi mbili, na pengine moja. Kina maabara zenye gesi na kemikali, maktaba iliyojaa karatasi, jiko linalopika kwa mamia, ukumbi unaokaliwa na watu ambao nusu yao hawajui mlango wa nyuma uko wapi, na wageni waingiao na kutoka pasipo mtu kuwauliza majina. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941 na kutazamwa na wasomi wengi kuwa ndiyo sura ya elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki, liliungua vibaya. Na kwa kuwa ni jengo la ofisi na saa ile halikuwa na watu, hapana aliyekufa. Jengo likaja kujengwa upya. Lau ungekuwa mchana wa siku ya usajili, habari hiyo tungeisimulia kwa namna nyingine kabisa.

Basi neno la kwanza nililo nalo kwa wakuu wa vyuo ni hili: kila mlango ambao mtu atautegemea kutokea uwe ni mlango unaofunguka kutoka ndani kwa mkono mtupu, pasipo ufunguo, na ufungukie nje, kwa sababu mlango ufungukao ndani hushindikana kufunguliwa pindi watu wanapousukuma kwa pamoja wakiwa katika fadhaa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unaagiza kwamba milango ya bweni iwe na upana usiopungua futi tano na ifungukie nje, kwamba pawepo mlango kila upande wa bweni na mwingine wa dharura katikati, kwamba madirisha yasiwe na nondo, na kwamba kati ya kitanda na kitanda iachwe nafasi isiyopungua mita 1.2. Vipimo hivi viliandikiwa shule, walakini sioni sababu ya chuo chochote kujiridhisha na vilivyo pungufu kuliko hivyo. Wala mwongozo peke yake hauokoi mtu: mwaka 2024, miaka kumi na sita baada ya kuandikwa kwake, wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, huko Nyeri.

Naijua hoja ya upande wa pili, wala si hoja ya kudharauliwa. Nondo zilitiwa kwa kuwaogopa wezi, na kufuli liliwekwa kwa kuwa matroni amepewa dhamana ya mabinti wa watu naye anaogopa lawama za wazazi iwapo mmoja wao atatoka usiku na kupatwa na jambo. Hofu hizo ni za kweli. Lakini nondo zaweza kutiwa bawaba na komeo la ndani, zikamzuia mwizi aliye nje na kumwachia njia aliyemo ndani. Na mlinzi aliye macho mbele ya mlango usio na kufuli humzuia mwizi, na hata kijana mtoro, vizuri zaidi kuliko kufuli ambalo ufunguo wake umo katika mfuko wa mtu aliyelala nyumba ya tatu. Ikiwa chuo hakina fedha za kumlipa mlinzi wa namna hiyo, basi na kijiulize kwa nini kimekubali kuwalaza watu. Kadhalika, mlango wa pili uwe ni mlango kweli. Katika mabweni mengi niliyoyatembelea ngazi ya nyuma imegeuzwa ghala: ndoo, viti vibovu, magodoro yaliyochakaa na vitanda vilivyokatika miguu hupangwa pale muhula hadi muhula, hata anayehitaji kupita kwa haraka katika giza na moshi hana budi kuanguka. Mtu mmoja mwenye jina linalojulikana apewe kazi ya kuzipita njia zote za kutokea kila jioni kabla ya saa nne, ajaribu kila komeo kwa mkono wake, kisha atie sahihi katika daftari.

Baada ya mlango huja zoezi. Baharia hangoji tufani ivume ndipo ajifunze kushusha tanga, na mwanachuo naye hawezi kujifunza njia ya kutokea usiku ule ambao macho yake hayaoni kitu. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 juu ya kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka zoezi la kutoka lifanywe walau mara moja kila miezi kumi na miwili. Mimi naona kwamba kwa chuo, ambacho kila mwaka hupokea watu wapya kwa mamia na kuwaaga wa zamani, mara moja haitoshi. Lifanywe katika juma la pili la kila muhula, na lifanywe tena usiku, watu wakiwa wamelala, kwa maana misiba ya mabweni niliyoitaja, mingi yake ilitokea usiku. Katika zoezi mojawapo ngazi kuu izuiwe makusudi, ili watu walazimike kuitafuta ile ya pili. Saa itazamwe, muda uandikwe, na wenye kuchelewa waulizwe kwa upole ni kitu gani kilichowachelewesha, kwa kuwa majibu yao ndiyo faida yenyewe ya zoezi: mmoja atasema hakusikia kengele, mwingine atasema komeo lilikuwa gumu, wa tatu atasema alidhani ni mchezo.

Nami nasisitiza jambo moja ambalo husahauliwa: wakuu nao watoke. Pale ambapo kengele hulia na mkuu wa chuo, mhasibu na wahadhiri waandamizi wakabaki ofisini wakiendelea na kazi zao, wanafunzi hujifunza kwamba kengele ni kwa ajili ya watu wadogo, na mafundisho hayo hayafutiki kwa hotuba yoyote.

Kengele yenyewe isifanane na ile ya vipindi. Kama chuo kina mtambo wa umeme wa kutoa king'ora, ni vyema, ila uwe na betri ya akiba, kwani moto unaotokana na hitilafu ya umeme huweza kuunyamazisha mapema. Kama chuo hakina mtambo, rimu ya gari iliyotundikwa na kugongwa kwa chuma inatosha, maadamu mapigo yake ya hatari yanajulikana na kila mtu na hayapigwi kwa jambo lingine lolote.

Sasa tuseme moto umezuka. Yule auonaye kwanza na apige kelele, "Moto! Moto!", agonge milango ya jirani zake, na aipige kengele iliyo karibu. Asiende kwanza kumtafuta mlezi wa bweni ili kuomba idhini, wala asijishughulishe kuuzima peke yake kwa kuona haya ya kuwaamsha watu. Mtungi wa kuzimia moto ni chombo chema mikononi mwa aliyefundishwa: huchomoa pini, huelekeza mdomo wa mtungi kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, hubana mkono, kisha hupeleka dawa huku na huku. Lakini mitungi ya kawaida huisha katika muda usiofika dakika moja, na kwa hiyo haifai ila kwa moto mdogo ambao haujazidi kapu la taka, tena kwa mtu ambaye mlango wa kutokea uko nyuma yake na si mbele yake. Maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme wala kwenye mafuta ya jikoni yanayowaka. Yeyote anayesitasita kama aweze au asiweze, ajihesabu kuwa hawezi, atoke.

Mmoja aliyekwisha kutoka na apige simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo nambari yake katika Tanzania ni 114. Aseme ni chuo gani na kiko mtaa gani, ni jengo lipi liwakalo, geti lipi la kuingilia, na kama kuna watu waliobaki ndani. Wala asikate simu mpaka aambiwe. Mwingine atumwe getini kulifungua wazi na kulipokea gari, kwa sababu gari la zimamoto linaloranda ndani ya eneo la chuo likitafuta bweni ambalo jina lake halikuandikwa popote linapoteza dakika zisizolipika. Katika miji mingi yetu kituo kiko mbali na barabara zimejaa. Dakika za kwanza, ambazo ndizo za kufa na kupona, ni za wanachuo wenyewe.

Aliyemo ndani na ajue kwamba moshi humfikia kabla ya moto, na aghalabu ndio uuao. Magodoro ya sponji yaliyojaa mabwenini mwetu hutoa moshi mweusi mzito wenye sumu, na ndani ya moshi wowote wa moto uliofungiwa mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu akalegea kabla hajatambua kuwa yuko hatarini. Moshi wa moto hupanda juu. Hewa iliyo nafuu iko karibu na sakafu. Kwa hiyo na ainame, au atambae, akiufuata ukuta kwa mkono mmoja hata aufikie mlango. Kabla ya kuufungua mlango uliofungwa auguse kwa mgongo wa kiganja: ukiwa wa moto, asiufungue, aende njia nyingine. Akiisha kupita aurudishe nyuma yake pasipo kuutia kufuli, kwa kuwa mlango uliorudishwa huchelewesha moto na moshi, na dakika chache hizo ni za aliye ghorofa ya juu. Lifti isitumiwe kabisa. Umeme ukikatika hugeuka kaburi, na shimo lake huvuta moshi. Ikiwa njia zote zimezibwa, abaki chumbani, arudishe mlango, azibe mwanya wa chini kwa shuka au taulo lililoloweshwa, kisha asimame dirishani apunge nguo nyeupe na kuita. Nguo zake zikishika moto asikimbie. Alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike.

Na vitu viachwe. Najua ugumu wa neno hili kwa kijana ambaye kompyuta yake ilinunuliwa kwa fedha za ng'ombe wa baba yake, na ambaye vyeti vyake vya tangu darasa la saba vimo sandukuni. Dawa yake hutengenezwa kabla: nakala za vyeti na za tasnifu ziwekwe mahali pengine, kwa ndugu au katika hifadhi ya mtandaoni, ili usiku ule asiwe na kitu cha kurudia. Kurudi ndani kwa ajili ya mali kumewaua watu waliokwisha kuokoka.

Darasani amri ni ya mhadhiri. Yeye huwataja wa safu ya karibu na mlango watoke kwanza, huhimiza watembee kwa haraka pasipo kukimbia, hushika upande mmoja wa ngazi ili waokoaji wapate kupanda kwa upande wa pili, na hutoka wa mwisho akiwa na daftari la mahudhurio kwapani. Katika maabara huongezwa jambo moja, nalo ni kufunga bomba kuu la gesi na kuzima swichi kuu kama ziko njiani. Zikiwa upande wa moto, ziachwe. Wasimamizi wa moto, ambao kila ghorofa iwe nao wawili pamoja na manaibu wao, hupita vyooni, katika vyumba vya kusomea na vya ibada, wakiita kwa sauti, na hutoka mara moja ikiwa moshi umewazidi.

Wako wenzetu ambao ushauri huu wote hauwatoshi, nao ni wenye ulemavu. Chuo kisingoje siku ya hatari ndipo kibuni la kufanya. Siku ya usajili kila mmoja wao aulizwe faraghani na kwa heshima ni msaada gani autakao, kwa maana yeye ndiye ajuaye kuliko mtu yeyote. Kisha apewe chumba cha chini, na watajwe wenzake wawili, na wengine wawili wa akiba, waliokubali kwa hiari kutoka pamoja naye. Kiziwi hasikii king'ora: awekewe taa ya kumweka, au jirani ajue kwamba ni wajibu wake kumtikisa. Asiyeona asisukumwe mgongoni. Aachiwe ashike kiwiko cha mwenzake, na aambiwe ngazi inapoanza na inapokwisha. Mwenye kiti cha magurudumu akiwa darasani ghorofani, afikishwe kwenye kituo cha ngazi kilichokingwa na mlango, akae na mwenzake mmoja, na mwingine akimbie kuwaambia waokoaji mahali hasa alipo. Mahali hapo pa kungojea pajulikane tangu mwanzo, na pawe pamepakwa alama.

Wote waliotoka waende mahali pa kukusanyikia, pasipo kusimama kando ya jengo kutazama. Mahali hapo pawe mbali na jengo kiasi cha kutofikiwa na vioo na mapaa yanayoanguka, pasiwe chini ya nyaya za umeme wala karibu na mitungi ya gesi ya jikoni, na pasiwe juu ya njia itakayopitwa na gari la zimamoto. Vyuo vingi vimechagua kivuli cha mwembe ulio nyuma ya jiko kwa kuwa ndipo watu wamezoea kupumzikia. Huo ni uchaguzi wa mchana wa amani.

Hapo ndipo hesabu ifanywapo, na kwa hesabu hiyo nataka kukaa kidogo, kwa sababu naiona imedharauliwa kuliko jambo lolote katika mpango mzima. Hesabu ya kweli humpa kamanda wa zimamoto jibu la swali lake la kwanza: je, mna mtu ndani, na ni chumba gani? Hesabu ya uongo huua kwa pande mbili. Mwanafunzi ambaye mwenzake humwitikia jina ilhali yeye yuko mjini humfanya askari wa zimamoto aingie katika moshi kutafuta mtu asiyekuwamo. Na yule ambaye jina lake halimo katika daftari lolote hatafutwi na yeyote.

Na wa namna hii ya pili ni wengi. Kila aliyesoma katika vyuo vikuu vya Tanzania ajua habari ya kubebana, yaani mwanachuo aliyepata kitanda kumkaribisha mwenzake aliyekosa, wakalala wawili, na pengine watatu, mahali pa mmoja. Ni ukarimu wa maskini kwa maskini, nami simlaumu anayembeba ndugu yake asilale nje. Lakini usiku wa moto aliyebebwa hayumo katika orodha ya mlezi wa bweni, na mwenyeji wake, akiogopa adhabu, huenda akanyamaza kwa dakika ambazo zingetosha kumwokoa. Kwa hiyo nawashauri wakuu wa vyuo watenganishe kabisa daftari la usalama na daftari la nidhamu. Kila ukanda uwe na mwanachuo mmoja aliyechaguliwa na wenzake, ajuaye kila usiku ni nani hasa waliolala katika kila chumba, akiwemo mgeni na akiwemo aliyebebwa, na akiondolewa aliyekwenda kwao. Na chuo kiahidi kwa maandishi, tena kitimize, kwamba majina hayo hayatatumiwa kumwadhibu mtu. Watakaoona ahadi hii kuwa ni kulegeza sheria na wapime kati ya kitanda kilichotumiwa isivyo halali na mtoto wa mtu aliyeachwa ndani kwa sababu hapana aliyethubutu kumtaja. Vivyo hivyo kwa wageni wa mchana: daftari la getini liandike jina na jengo waendako, na mlinzi alibebe litakapolia king'ora.

Hesabu ikiisha kukamilika, mkuu wa chuo au naibu wake humkabidhi kamanda majina ya wasioonekana pamoja na vyumba vyao, kwa karatasi na si kwa mdomo peke yake, kisha amri ya eneo lile huwa ya kamanda. Hapana atakayeingia tena ndani, hata kama moto unaonekana umezimika, mpaka kamanda aruhusu, kwa kuwa makaa yaliyojificha darini huwaka upya na sakafu zilizoungua huporomoka bila kutoa ishara. Wenye majeraha wapelekwe hospitali na mtu mmoja aandike nani kapelekwa wapi, maana wazazi watapiga simu kabla ya kucha, na jina lisilo na mahali litaanza kutafutwa katika majivu. Daftari likae wazi usiku kucha, wasimamizi wawili wakipokezana, hadi mbele ya kila jina pameandikwa mahali alipo mwenye jina.